Bati la Kwanza Juu ya Chumba cha Marehemu

Nilitoka Kirushya asubuhi moja bila kumwambia mtu ninakokwenda, kwa sababu hata mimi sikuwa nakujua. Nilikuwa nimekaa pale miezi miwili nikipalilia maharage kwenye shamba la familia moja, na hawakunikosea kitu. Ila jioni ya jana yake baba wa nyumba ile alianza kunionyesha kipembe cha kiwanja nyuma ya migomba, akisema ningeweza kujenga kijumba changu pale nikitaka. Usiku kucha kile kipembe kilinikaa kifuani. Kulipopambazuka nikakunja blanketi, nikarudisha jembe lao mahali pake, nikashika njia.

Begi langu lilikuwa na nguo, sahani ya bati na daftari. Shule niliiacha darasa la sita, lakini daftari sikuliacha. Kila ninapofanya kazi huandika majina ya vitu: sehemu za baiskeli kama mafundi wanavyoziita, vipande vya ng'ombe kama wachinjaji wanavyovigawa, aina za ndizi. Sijui ni ya kazi gani. Nisipojua jina la kitu, kinaniwasha.

Nilipofika barabara kuu nikakuta fuso imeinama upande mmoja kama mtu mwenye jipu. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepasuka. Juu ya mzigo wa mabati na mbao alikaa mwanaume mfupi mwenye nyundo kiunoni, na kila baada ya dakika moja aliangalia mbingu.

"Wewe kijana, una mikono?" akaniuliza.

"Ninayo, kaka."

"Basi ije hapa. Tupunguze mzigo gurudumu litoke. Kuna mama ameezua nyumba jana."

Sikuelewa haraka yake mpaka tulipokuwa njiani, mimi na yeye juu ya mabati, upepo ukitupiga usoni. Alikuwa fundi wa kupaua. Mama mmoja wa Nyakahura, mjane, alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu ya tofali mbichi iliyoezekwa nyasi. Jana fundi na mwenzake walikuwa wameondoa nyasi zote na kusimamisha kenchi, zile pembetatu za mbao zinazobeba paa. Mabati yalikuwa yafike jana hiyo hiyo jioni. Hayakufika. Na yule mwenzake wa kazi alikuwa ameamka na homa.

"Tofali mbichi," fundi akasema, akisugua vidole kama anayesaga unga. "Mvua moja ya nguvu ikiingia juu ya ukuta, kesho ni tope. Siyo nyufa. Tope."

"Zile nyasi haziwezi kurudishwa juu hata kwa siku moja?"

"Nyasi?" Akacheka bila furaha. "Saa hizi ng'ombe wa majirani wamezilalia. Wenyewe walikuja na mikokoteni kabla hatujamaliza kuzishusha."

Nikamwambia kama ana nafasi ya msaidizi, mimi siendi popote. Akanitazama. "Umewahi kupanda paa?"

"La nyasi."

"La nyasi siyo paa, ni kofia ya mtu maskini." Halafu akaanza kunifundisha, nadhani ili asiendelee kuangalia mawingu. Nikatoa daftari. Mbao nyembamba zinazolazwa kukatiza kenchi, ambazo bati hupigiliwa juu yake, ni papi. Ubao mpana unaofunga ncha za paa pembeni ni fisha bodi. Bati lililokunjwa linalofunika pale juu kabisa pande mbili zinapokutana ni kofia. Msumari hupigwa juu ya mgongo wa bati, kamwe siyo kwenye bonde lake, maana bonde ndiko maji yanakopita.

"Na hili ndilo kubwa," akasema, akilaza kiganja kimoja juu ya kingine. "Bati hulalia bati. La pili linapanda juu ya la kwanza, la tatu juu ya la pili. Huku mvua inatoka upande wa ziwa, mashariki. Kwa hiyo unaanza mwisho wa magharibi, unakwenda kuikuta mvua. Hapo upepo unateleza juu ya maungio. Ukianza mashariki, kila ungio linabaki limeachama kuelekea upepo. Upepo unaingia chini, unanyanyua, unafunua nyumba kama mtu anayefungua kitabu."

Niliandika hilo pia, nikachora na mshale.

Tulifika saa nne na kitu. Nyumba ilisimama nyuma kidogo ya soko la barabarani, kuta zake nyekundu wazi kabisa juu, kenchi saba zikiwa kama mbavu. Ndani ya kuta, vitanda, magunia ya mahindi na kabati vilikuwa vimerundikwa katikati na kufunikwa turubai. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni, mwanamke mrefu aliyejifunga kanga kiunoni kama mtu anayejiandaa kupigana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Fundi, huyu ndiye mwenzako? Mbona ana begi la safari?"

"Ni wa leo tu, mama."

"Na paa nalo la leo tu?" akauliza, na hakucheka.

Tulianza na papi. Fundi alikuwa juu, mimi katikati ya ngazi, mama chini akitupa mbao. Hakuwa mtu wa kukaa kimya. Kila kipande kilipomfikia mkononi aliuliza kinaitwaje na kinakwenda wapi. Fundi alijibu mara mbili, mara ya tatu akasema, "Mama, haya ni mambo ya ufundi."

"Nyumba ni ya ufundi au yangu?"

Basi nikawa namjibu mimi, kwa sauti ya chini, nikishuka na kupanda. Papi. Kenchi. Hiyo ndefu ni fisha bodi, tutaipiga mwisho. Alirudia kila jina mara moja, polepole. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na kanisani, lakini maneno yale aliyashika kuliko mimi nilivyoyashika asubuhi. Alipoona mchoro kwenye daftari akauliza ule mshale ni wa nini. Nikamweleza habari ya kulaliana kwa mabati na upande wa ziwa. Akageuka akatazama mashariki. Huko mbali kulikuwa na wingu moja, la kijivu, bado dogo.

Papi zilikwisha saa saba. Hatukula. Fundi alikuwa amekwisha kuegemeza bati la kwanza upande wa magharibi, ule unaoelekea jiko la nje na choo, ndipo mzee mmoja alipoingia uani na fimbo, amevaa koti juu ya shati jeupe. Mama akapiga goti kidogo.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba." Mzee hakumtazama. Alikuwa anatazama bati. "Fundi, unaanzia wapi?"

"Hapa, mzee."

"Chooni?"

Fundi akashusha nyundo.

"Mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii tangu mdogo wangu aondoke," mzee akasema. "Katika ukoo wetu, nyumba ikiezekwa, fungu la kwanza la nyasi mimi hulifunga juu ya chumba cha mwenyewe. Baba alifanya hivyo. Babu alifanya hivyo. Chumba cha mdogo wangu ni kile." Akaelekeza fimbo mashariki. "Nipe ngazi."

Niliingoja sauti ya fundi. Nilikuwa na uhakika itatoka. Yeye ndiye aliyenionyesha kwa viganja asubuhi ile. Badala yake alibeba bati, akazunguka nyumba, akalipandisha mwisho wa mashariki. Mzee akapanda vidato vinne vya ngazi, akapiga ishara ya msalaba, akagonga msumari wa kwanza. Ulipinda. Akagonga wa pili, ukaingia. Akashuka akaenda kukaa kwenye kigoda chini ya ukuta wa jirani, mikono juu ya fimbo.

Nilipokuwa juu karibu na fundi nikamnong'oneza, "Kaka, si ulisema tuanze magharibi?"

"Shika bati."

"Lakini ulisema upepo..."

"Nilisema, nilisema!" Alizungumza na misumari katikati ya midomo. "Mimi natoka Runzewe. Kazi zangu zote za kijiji hiki zinapitia kwa yule mzee. Akisema simheshimu, narudi kwetu na nyundo yangu. Nitazidisha misumari. Wewe unapita njia, shika bati unyamaze."

Na kweli mimi napita njia. Hilo ndilo jambo moja ninalolijua vizuri. Mahali pakianza kuwa na mzee na shemeji na chumba cha marehemu, huwa nakunja blanketi. Nilishika bati. La pili likalalia la kwanza, la tatu likalalia la pili. Kutoka pale juu niliona kila ungio limefunguka kidogo kuelekea mashariki, unene wa ukucha, na nyuma yake lile wingu. Halikuwa dogo tena. Lilikuwa limeshuka tumbo, na chini yake vilima vilikuwa vimefutika.

Mama alikuwa chini akininyooshea bati la nne. Hakuliachia.

"Mwanangu," akasema, "hili litalala juu ya lile?"

"Ndiyo, mama."

"Ungio litatazama wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa na begi pale pale chini ya ngazi. Fundi aliacha kugonga. Hata mzee aligeuza shingo.

"Litatazama ziwani, mama," nikasema.

Akarudisha bati juu ya rundo. Halafu akafanya jambo ambalo sijaona mtu mwingine akilifanya: akakaa juu ya yale mabati. Akakaa vizuri, akakusanya kanga yake magotini, kama yuko kwenye benchi la zahanati.

"Yateremsheni hayo matatu," akasema.

"Mama, muda," fundi akasema. "Tazama kule."

"Nimepatazama. Ndiyo maana nimekaa."

Mzee alikuwa amesimama. "Unakataa mkono wangu kwenye nyumba ya ndugu yangu?"

"Sikatai mkono, shemeji. Nyasi huanzwa chini zikazunguka, popote utakapofunga fungu la kwanza, mvua haijui. Bati lina upande. Njoo ugonge la kwanza kule magharibi, nitakushikia ngazi mwenyewe."

"Chooni!"

"Huko ndiko linakoanzia."

"Mdogo wangu alikuachia neno gani kabla hajafa? Kwamba unidharau mbele ya mafundi?"

"Aliniambia nisilale nje," mama akasema.

Hewa ilikuwa imesimama, ile hewa nzito inayofanya kuku waingie bandani mchana. Radi ilinguruma mbali. Nilihesabu moyoni mabati yaliyobaki, nikaona kwamba kila dakika aliyokaa pale ilikuwa dakika ya kuta zake. Yeye alilijua hilo kuliko mimi. Vidole vyake vilikuwa vimebana ukingo wa bati mpaka kucha zimegeuka nyeupe, lakini hakuinuka.

"Basi ikunyeshee," mzee akasema, akaondoka na fimbo yake.

Fundi alimtazama akienda kama mtu anayetazama mshahara wake ukitembea. Kisha akageuza nyundo upande wa makucha, akaanza kung'oa. Aling'oa kwa hasira, na misumari ile aliyoizidisha ilitoka na kuchana bati. Yale mabati matatu yakashuka na matundu mapana kuliko vichwa vya misumari. Hatukuwa na mabati ya akiba. "Haya yatapigwa mwisho," akasema. "Na matundu ni yako, bwana mdomo."

Tulianza upya magharibi. Sijawahi kufanya kazi namna ile. Mama alinyoosha, mimi nilivuta, fundi aligonga, hakuna aliyesema neno ambalo halikuwa "lete" au "shika". Tulimaliza upande mmoja wa paa, tukahamia wa pili. Mwanga ulikuwa umegeuka manjano. Tulipofika kwenye mabati yenye matundu, mama alikuwa amekata mpira wa ndani wa baiskeli vipande vidogo, tukavivika kwenye misumari ili vizibe. Vilitosha mawili na nusu. Kofia tuliilaza juu na kuipiga msumari mmoja mmoja kwa kuruka. Nilikuwa nimeshika ubao wa fisha bodi wa upande wa mashariki, ule ambao ungefunga ukingo wa bati la mwisho, pale radi ilipopiga karibu na soko. Nilisikia nywele za mkono zikisimama.

"Shuka!" fundi akapiga kelele. "Achia, shuka! Tumekaa juu ya bati!"

Tuliruka. Ubao ulibaki chini, haujapigwa.

Mvua ilikuja kwa upande, siyo kutoka juu. Tulikuwa ndani, kwenye chumba cha mashariki, tukitazama juu. Kelele yake juu ya bati ilikuwa kubwa kiasi kwamba mama aliongea nami nikaona midomo tu. Upepo ulipiga paa lote, na maungio yakatulia. Nilitazama moja baada ya jingine kutoka magharibi kuja huku, na hakuna hata moja lililonyanyuka. Lakini bati la mwisho kabisa, lile lisilo na ubao pembeni, lilianza kupiga. Pa. Pa. Mwanga ukaingia chini yake, ukafungwa, ukaingia. Likitoka hilo, la pili lingefuata, na ukuta wa chini yake ndio uliokuwa unabeba kenchi ya mwisho.

Fundi alichomoa kamba ya turubai. Alipanda juu ya magunia, akapenyeza kamba juu ya kipande cha papi pale pale ukingoni na kuizungusha kwenye bati kupitia moja ya yale matundu niliyosingiziwa. Nilining'inia kwenye kamba kwa uzito wangu wote. Mama akashika nyuma yangu. Kila upepo ulipovuta, nyayo zetu ziliteleza kwenye sakafu ya udongo. Maji yalianza kuchirizika juu ya ukuta, mstari mmoja, mwekundu.

Ndipo mlango ulipofunguliwa kwa teke. Mzee aliingia, koti lake limelowa na kumnata, kichwa wazi. Hakusalimia. Aliangalia juu, akaangalia kamba, akaona chumba ni kipi. Akatupa fimbo, akashika kamba mbele yangu, akajifunga nayo kiunoni, akakaa chini. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana. Bati likatulia.

Tulikaa hivyo sijui muda gani. Mvua za huku hazikai sana zikija kwa hasira. Ilipopungua tukaanza kusikiana pumzi. Fundi akatoka na nyundo, akapigilia ule ubao wa fisha bodi huku manyunyu yakimpiga, na kila pigo lilishuka kwenye kamba mpaka mikononi mwetu. Kisha akaita kutoka nje: "Achieni!"

Tukaachia. Mama akaenda ukutani. Akapitisha kiganja chake pale maji yalipochirizika, akachimba kwa kidole. Kidole kiliingia kidogo tu, udongo chini yake ulikuwa mkavu. Akasimama hivyo hivyo na mkono ukutani, mgongo umetugeukia, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Mzee alikuwa anajifungua kamba. "Paa la nyasi halipigi kelele hivi," akasema.

"Ni kweli, shemeji," mama akajibu bila kugeuka.

"Na bado mlianzia chooni."

"Tulianzia huko."

Akakohoa, akaokota fimbo. Nilidhani anaondoka, lakini alikuwa anaitumia kuelekeza juu, matundu matatu ambayo mpira haukutosha, yanayodondosha tone, tone, kila moja kwa wakati wake. "Haya ni kazi ya nani?"

"Yangu, mzee," nikasema, kwa kuwa fundi alikuwa bado nje.

Mama alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akalitazama begi langu ambalo mtu fulani, nadhani yeye mwenyewe, alikuwa ameliingiza ndani kabla ya mvua.

"Unalala wapi leo?"

"Bado sijajua, mama."

"Fundi anakwenda kumwangalia mwenzake mgonjwa. Chumba kipo hiki. Hakijalaliwa tangu marehemu." Aliyasema hayo akimtazama shemeji yake, siyo mimi, na nilielewa kwamba hapa ndipo alipokuwa anamwomba, baada ya kumkatalia kule uani. Nilitaka kusema ningeweza kulala sokoni, chini ya vibanda. Niliwahi kulala pabaya zaidi. Badala yake nikaliacha begi pale lilipokuwa.

Mzee alitembea chumbani hatua nne, akisikiliza matone. Akasimama pembeni ya ukuta wa ndani, akagonga sakafu kwa fimbo.

"Kitanda kikae hapa," akasema. "Huko kwingine kunadondoka."

Tukavuta kitanda kutoka kwenye rundo, mimi upande mmoja na yeye upande wa pili. Mama akaleta sufuria mbili na bakuli. Nikaziweka chini ya matundu, nikasogeza moja kidogo, nikangoja tone liangukie katikati.